Risala ya Wapima Mvua wa Kate: Tunaomba Saa za Kompyuta, Hatuombi Jengo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Barabara ya kuja Kate umeiona mwenyewe, kwa hiyo leo hatutaisemea. Risala nyingi ulizosomewa katika ziara hii bila shaka zimekuomba zahanati, madawati na maji. Yetu inaomba kitu kisichoshikika, nasi tunakusihi utuvumilie.

Sisi ni walimu wa sayansi, wakulima, na vijana waliosomea kompyuta wakarudi nyumbani. Kila siku saa tatu asubuhi tunasoma vipima mvua tulivyosimamisha kwenye viwanja vya shule na mashamba ya wanachama, tunaandika daftarini, kisha tunatumiana kwa simu. Hatulipwi. Kilichotuunganisha ni hasara. Msimu wetu ni mmoja tu kwa mwaka. Novemba mvua ikinyesha siku nne, watu wanapanda. Ikikatika wiki tatu, mbegu na mbolea ya ruzuku vimekwenda, na mwenye shamba anarudi dukani na mfuko mtupu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili, na siku hizi inashuka hadi ngazi ya wilaya. Tunaipongeza. Lakini wilaya yetu ya Nkasi si mahali pamoja, Mheshimiwa. Kirando iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Ufipa uko karibu mita 1,000 juu yake, na ukivuka milima ya Mbizi unateremka tena hadi bonde la Ziwa Rukwa, mita 800 hivi. Wakati wa Kirando yuko kifua wazi, wa Kate kajifunga koti. Hewa yenye unyevu ikigonga ukingo wa uwanda hupanda, hupoa na kumwaga mvua upande mmoja. Upande wa pili wanaona mawingu tu yakipita.

Modeli ya kompyuta ya kutabiri hewa, ikiwa na miraba mipana, haiuoni ukingo huo. Takwimu za ERA5 za kituo cha hali ya hewa cha Ulaya, zinazorudi nyuma hadi 1940 na zinazopatikana bure, zimeigawa dunia katika miraba ya kilomita 31 hivi. Mraba mmoja unameza uwanda, ukingo na kipande cha bonde, kisha unavipa vyote wastani wa mvua ambayo haikunyesha popote.

Dawa inajulikana: kuendesha modeli ya eneo dogo, mfano WRF ambayo TMA nao wanaitumia, kwa miraba ya kilomita 3. Hapo ndipo hesabu inapouma. Ukipunguza upande wa mraba kwa nusu, miraba inakuwa mara nne, na hatua za muda nazo lazima zikatwe nusu. Kazi inakuwa mara nane. Kushuka kutoka kilomita 27 hadi 3 ni kazi mara 729.

Tulijaribu kwa kompyuta bora tuliyoweza kuazima. Ilitumia zaidi ya saa thelathini kutabiri saa ishirini na nne zijazo. Yaani tulipata utabiri wa jana. Mzee mmoja wa kikundi alituambia utabiri wa jana hata yeye anao, tena bila umeme.

Kuna aliyetushauri tuunganishe kompyuta za shule zote za kata kwa intaneti ya simu. Ushauri mwema, ila haufanyi kazi, na sababu yake mkulima anaielewa upesi. Kupanda mahindi kwa kamba, hakuna anayesogea mstari wa pili kabla wote hawajamaliza wa kwanza. Modeli ni vivyo hivyo: kila mraba unasubiri majirani zake wauambie upepo, joto na unyevu wao kabla ya kupiga hatua. Mmoja akichelewa, kamba nzima imesimama. Ndiyo maana mashine zinazofanya kazi hii huwekwa pamoja na kufungwa kwa mtandao wa kasi baina yao, nazo huitwa klasta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuseme la moyoni.

Miaka michache iliyopita ulifika hapa mradi mmoja wa utafiti. Jina hatutalitaja, maana hatukuja kushitaki. Waliomba madaftari yetu, tukayatoa yote. Vijana wao waliyapiga picha, wakaingiza takwimu kwenye kompyuta ya wingu, yaani mashine ya kukodi kupitia intaneti, wakaendesha modeli, na kwa msimu mmoja tulipokea ramani za mvua za Ufipa ambazo hatujapata kuziona tena. Zilikosea mara kadhaa, lakini zilikosea kama mtu anayekijua kijiji. Kisha mradi ukafika mwisho. Kadi iliyokuwa ikilipia akaunti ikafungwa, akaunti ikasimamishwa, na muda wa kusubiri ulipopita data zikafutwa. Tulipoandika kuomba nakala, tulijibiwa kwa upole kwamba mhusika ameshahama kazi. Madaftari ya karatasi tunayo, isipokuwa mawili yaliyokwenda na hayakurudi. Ramani hatuna. Mipangilio ya modeli, ambayo ndiyo ilikuwa na thamani kubwa kuliko ramani, nayo hatuna.

Hili linatuuma kwa namna ya pekee sisi watu wa Rukwa, kwa sababu kuhifadhi tunakujua. Serikali imejenga vihenge vya kisasa Sumbawanga kwa ajili ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Hakuna anayeweka mahindi kihengeni bila stakabadhi, na hakuna meneja wa ghala anayehama na funguo. Kwa nini takwimu za mvua iliyoyaotesha mahindi hayohayo zihifadhiwe kwa kadi ya mtu mmoja?

Kuna watakaosema: basi nunueni mashine, zijengewe chumba hapa au Sumbawanga. Hatutaki. Umeme wa mkoa huu kwa miaka mingi umevutwa kutoka Zambia, na Zambia inategemea zaidi maporomoko na mabwawa. Februari 2024 nchi hiyo ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, bwawa la Kariba likanywea, mgao ukawa mkubwa. Mashine ya kutabiri mvua inayozimika mvua ikikosekana ni kichekesho ambacho hatuna haja ya kukilipia. Tena mashine huzeeka. Nchi yetu imewahi kupokea kompyuta kubwa iitwayo PARAM Kilimanjaro kutoka India. Tulipata pia sehemu za kompyuta kubwa nyingine, Ranger ya Chuo Kikuu cha Texas, ambayo wenyewe waliistaafisha 2013 baada ya miaka mitano tu ya kazi. Kama Texas waliona miaka mitano inatosha, chumba chetu chenye vumbi na feni kingedumu mingapi? Utepe ungekatwa, picha zikapigwa, na mwaka wa tatu tungekuwa tunatafuta vipuri.

Kompyuta za wingu zina faida moja inayotufaa sana: data za dunia nzima, ERA5 na utabiri wa kila siku wa Marekani uitwao GFS, tayari zimewekwa kwenye maghala ya wenye kompyuta hizo. Tunapeleka kinu kwenye mahindi. Hatuhitaji kuzipakua data zote kwa vocha hadi Kate. Tunachohitaji kufika hapa ni picha moja ndogo ya ramani, inayopita hata kwenye mtandao wetu wa kusuasua.

Hasara yake nayo tumeijua. Kuingiza data kwa kawaida ni bure, kuzitoa kuna makato. Kila mwenye laini ya simu hapa analielewa hilo bila mhadhara: ni kama kwa wakala.

Kwa hiyo tunadai haya yafuatayo.

Serikali, kupitia taasisi itakayoona inafaa, ifungue akaunti moja ya kompyuta za wingu kwa ajili ya modeli za Ufipa, yenye fungu la bajeti la kila mwaka na si fedha za mradi. Ilipiwe kwa njia ya serikali, maana kikundi cha wakulima hakina kadi ya dola. Mashine ziwashwe alfajiri, zitabiri saa 48, zizimwe. Hatuombi klasta inayonguruma usiku kucha bila kazi. Kurudia misimu iliyopita kufanywe kwenye mashine za bei nafuu, zile ambazo mwenyewe anaweza kuzichukua wakati wowote, mradi modeli iwe inajiwekea alama njiani ili iendelee ilipokatizwa. Utabiri wa asubuhi usiwekwe humo kamwe.

Akiba tumeipigia hesabu wenyewe. Eneo la kilomita 300 kwa 300, kwa miraba ya kilomita 3 na matabaka 40 ya hewa, linatoa megabaiti 20 hivi kwa kila saa ya modeli. Utabiri wa saa 48 ni karibu gigabaiti moja kwa siku. Kurudia misimu 30 kunafika terabaiti 2.6. Sehemu kubwa ya hiyo ikae kwenye akiba ya bei ndogo isiyoguswa mara kwa mara, kama gunia la mbegu lililoko darini. Ya msimu huu tu ndiyo iwe karibu na mkono.

Nakala ya kila kitu, pamoja na mipangilio ya modeli, iwekwe ndani ya nchi. Kituo cha Taifa cha kuhifadhi data kipo Kijitonyama, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Sumbawanga. Kwa hili hatutapatana nusu bei.

Vijana wetu wawili wafundishwe kuendesha kazi hii, ikiwezekana katika Kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na angalau mmoja awe binti. Wataalamu wa TMA waitazame modeli yetu, waisahihishe, na waamue wao kipi kitangazwe. Hatutaki kuwa watabiri wa pembeni wanaowachanganya wakulima.

Na yeyote atakayekuja kuomba madaftari yetu tena, asaini kwanza hapa ofisi ya kata kwamba atarudisha nakala. Hili halina gharama na linaweza kuanza leo.

Mchanganuo wa bei tumeuambatisha. Tunaomba jibu kabla ya Oktoba, hata likiwa la hapana, kwa kuwa Oktoba ndipo watu hununua mbegu. Yale madaftari mawili, kama kuna anayejua yaliko, jalada lake ni la kijani na yameandikwa kwa kalamu ya risasi.