Tatizo Si Betri, Jamani!

Mwezi huu nakuletea kesi ya nyumbani kwangu, Morogoro.

Shemeji yenu ana gari la rimoti. Si la mtoto, la kwake! Jumapili analichezesha kule Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru. Masika yalipoisha likaanza visa: linaondoka vizuri, ukibonyeza mwendo wote linakata, likipumzika linaamka tena. Akaamua betri imekufa. Kimyakimya akachota hela ya kodi, akanunua nyingine. Gari likakata vilevile! Tukanuniana siku nne.

Ya tano nikalipeleka kwa fundi redio karibu na Soko la Kingalu. Aliliendesha kidogo, akagusa plagi ya betri. "Dada, shika hapa." Ya moto! Kuichomoa, pini za ndani zimeota ukijani wa unyevu na moja imelegea.

Akanieleza: mota ikivuta ampea 20, plagi yenye ukinzani wa omu 0.05 tu inakula volti 1 nzima kati ya 7.2 za betri, na wati 20 zinaishia kuwa joto. Ukipima gari likiwa limezimwa utaona kila kitu safi. Hitilafu inajitokeza mzigo ukiwepo.

Kwa hiyo kabla ya kununua betri, ichomoe, sugua pini kwa mswaki na spiriti, acha zikauke, kisha minya kidogo pini jike ibane. Plastiki ikiwa imeyeyuka, badili plagi pande zote mbili. Upande wa betri, kata waya mmoja, uufunike, ndipo uguse wa pili. Nyekundu na nyeusi zikigusana ni cheche!

Jioni nikamrudishia gari likiwa zima. Nikamuuliza, bila kufoka, kwa nini hakuniambia kuhusu hela. Akanyamaza, kisha akasema, "Mara ya mwisho nilipokutajia hili gari uliniita mtoto mbele ya wageni."

Ni kweli, nilimwita. Nilikuwa nimeshasahau.

Siku za kawaida tulionekana tuko safi kabisa. Mzigo ulipokuja, tukakata.

Nimemwomba msamaha, naye kaniomba. Hela ya kodi? Bado tunaijaza, safari hii wote wawili. Wewe na mwenzio mmelegea wapi? Gusaneni mapema, kabla hakujaungua.

Tukutane mwezi ujao!