Joto Nalo ni Dawa

Mtu ashukaye garini Makambako usiku wa Julai, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, hutafuta koti kabla ya chakula. Njombe, kilomita 60 hivi kuelekea kusini, baridi huzidi. Sisi watu wazima tumeizoea. Je, mtoto anayezaliwa usiku huo huo?

Jibu limo katika somo la fizikia. Mtoto hutoka tumboni, penye joto la nyuzi 37 hivi, akiwa amelowa. Majimaji yanapokauka huchukua joto la mwili wake. Tena, kadiri kiumbe kilivyo kidogo, ndivyo ngozi yake ilivyo nyingi ikilinganishwa na uzito wake. Kwa hiyo mtoto wa kilo moja na nusu hupoa upesi kuliko wa kilo tatu. Shirika la Afya Duniani linataka joto la mtoto mchanga liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Sentigredi, na chumba cha kujifungulia kisipungue nyuzi 25. Mtoto aliyepoa hunyonya kwa shida, hupungukiwa sukari katika damu, na huweza kufa.

Wengi husema: tuletewe mashine za kuwatunzia watoto njiti. Mashine hizo zina kazi yake, wala sizibezi. Lakini zahitaji umeme usiokatika, vipuri na usafi wa kila siku. Na watoto wawili wakilazwa katika moja, huweza kuambukizana maradhi. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alikabiliwa na msongamano wa namna hiyo, akaanza kuwaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ikaitwa utunzaji wa kangaruu.

Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, juu ya watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Kati ya waliowekwa vifuani mapema baada ya kuzaliwa, walikufa 120 katika kila 1,000; kati ya waliongojeshwa mpaka hali zao zitulie, 157.

Kwa maoni yangu, basi, vituo vya Njombe na Makambako havina budi kuhesabu kupoa kwa mtoto kuwa upungufu wa huduma, si tabia ya nchi. Kwanza, joto la kila mtoto lipimwe katika saa ya kwanza na kuandikwa. Pili, mama apewe kitanda wodini pamoja na mwanawe. Tatu, mtoto anayehamishiwa hospitali nyingine asafiri kifuani mwa mama au jamaa, akiwa amevikwa kofia na soksi. Jambo la pili lina gharama: nafasi, vitanda, na ndugu wa kumpokea mama achokapo. Tusiifiche gharama hiyo, tuipangie fedha.

Nanyi walimu, jazeni maji ya moto katika chupa mbili, kubwa na ndogo, mzifunike kwa kitambaa kibichi, kisha mwape wanafunzi kipimajoto. Atakayeona ile ndogo ikitangulia kupoa hatasahau, na kesho huenda akawa mkunga, mzazi, au diwani apitishaye bajeti ya zahanati.