MFANYABIASHARA MDOGO NA KALAMU YA KARANI



Liko neno lisemwalo mara nyingi maofisini mwetu, hasa mwisho wa mwezi. Husemwa ya kuwa sisi tulio katika utumishi ndio tuibebao nchi mabegani, kwa sababu kodi yetu hukatwa kabla mshahara haujatugusa mkono, hali mwenye duka na mwenye genge huuza mchana kutwa bila kutoa risiti, na jioni huzifunga fedha zake kitambaani akaenda zake. Basi, huuliza wenye neno hilo, kwa nini Serikali iwabembeleze watu hao kwa mikopo na misamaha? Neno hili lina chembe ya kweli ndani yake, na kwa sababu hiyo lina hatari kuliko uongo mtupu. Nataka kulijibu.

Kwanza na tuulizane watoto wetu watafanya kazi wapi. Mwezi wa Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipokuwa na nafasi 70, vijana zaidi ya 10,000 walifika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili, wakajaa majukwaani kama watu waliokuja kutazama mpira. Hao walikuwa vijana waliosoma, watoto wa watu kama sisi. Waliokosa, yaani karibu wote, hawakutoweka duniani. Wengi wa namna yao ndio hao tuwaonao wakiuza vifaa vya simu, wakishona nguo, wakikaanga chipsi na kuchomelea madirisha. Hesabu iliyotolewa mwaka 2012 ilionyesha ya kuwa shughuli ndogondogo katika Tanzania zilizidi milioni 3. Hapana Serikali iwezayo kuandika barua za ajira kwa umati huo, hata ikiuza samani zake zote. Tena tusijifanye wageni wa jambo hili: ni nyumba ngapi za watumishi ambazo mboga ya tarehe 20 hutoka katika genge la mama wa nyumba, mshahara ukiwa umekwisha zamani?

Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika katika Tanganyika kiliundwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa mbele. Mwaka 1934, mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam, Erica Fiah, ambaye baadaye alianzisha gazeti la Kwetu, aliunda chama cha wafanyabiashara Waafrika. Makarani na wenye maduka hawakupatana vizuri nyakati zile. Karani alijiona msomi, mwenye duka akamwona karani kuwa mtu wa kuinamia meza ya mwingine. Nao wote wawili walikuwa chini ya sheria moja iliyowadhulumu, maana tangu mwaka 1923 ilikuwako sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika bila ya idhini hakuweza kulidai deni lake barazani. Ilisemwa ya kuwa ni kwa ajili ya kumlinda Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake, mwenye duka Mwafrika hakupewa mali kwa mkopo kama walivyopewa wenzake, akabaki na debe la mafuta ya taa na sabuni chache, kisha akaambiwa hajui biashara.

Uhuru ulipokuja sheria za namna hiyo zilipita, lakini desturi ya kumtilia shaka mchuuzi haikupita. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalifungwa, ili ya ushirika yashike mahali pake, kabla hayo ya ushirika hayajapata nguvu ya kushika chochote. Bidhaa ziliadimika. Ilipofika mwaka 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza mali kwa fedha zao wenyewe, rafu zilianza kujaa tena. Waliokuwapo wanakumbuka sabuni ilivyokuwa kitu cha kufungiwa kabatini. Mimi siandiki haya ili kuulaumu ushirika, ambao umefanya mema mengi, bali kuonyesha ya kuwa kila mara amri iliandikwa ofisini na mtu ambaye riziki yake haikutegemea duka.

Leo hatuwezi kusema ya kuwa Serikali haifanyi neno. SIDO iko tangu 1973. Halmashauri zinatakiwa na sheria kutenga sehemu 10 katika 100 za mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, zikopeshwe bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro katika utoaji na urejeshaji wake, ikarudishwa mwaka 2024. Sheria ya manunuzi nayo inataka sehemu 30 katika 100 zitengwe kwa makundi maalumu. Haya ni mema. Lakini mema haya hupita mikononi mwa nani? Hupita mikononi mwetu.

Tuchukue mfano. Fundi cherehani, mwenye mashine 3 na wasaidizi 2, apata zabuni ya kushona sare kwa ofisi ya umma. Hana fedha ya vitambaa, akopa shilingi 3,000,000 kwa riba ya sehemu tatu na nusu katika 100 kwa mwezi, yaani shilingi 105,000. Faida anayoitazamia ni shilingi 500,000. Alipwapo katika mwezi wa kwanza, abaki na 395,000, na mashine ya nne yaanza kuonekana kwa mbali. Lakini ankara yake yalala katika jalada. Mara saini moja yakosekana, mara mhusika yuko safarini, mara fungu halijafika. Mwezi wa tano wapita, na riba imefika 525,000. Ameshona usiku na mchana ili atoe shilingi 25,000 mfukoni mwake kwa fahari ya kuihudumia Serikali. Hapana aliyemwibia, wala hapana aliyeomba rushwa. Jalada lilikaa tu. Mtu huyu, wa kumpa semina ya ujasiriamali ni kumkejeli.

Sasa niseme juu ya kodi. Ni kweli wako wanaokwepa, nao washikwe. Lakini mshahara wetu, hata ukiwa mdogo, una siku yake. Mchuuzi huanza kulipa kabla hajauza: leseni, ukaguzi, ushuru, kila mmoja na dirisha lake na foleni yake. Vitambulisho vya mwaka 2018, vya shilingi 20,000 kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, vilipendwa mwanzo kwa sababu moja tu: malipo mamoja, kisha mtu asisumbuliwe. Vilianza kuchukiwa Wakuu wa Mikoa walipokabidhiwa vitambulisho 25,000 kila mmoja, na watendaji wakaanza kuhesabu vilivyouzwa badala ya kuhesabu vibanda vilivyosimama. Mwezi wa Mei 2023, Kariakoo ilipofungwa, malalamiko makubwa yalikuwa juu ya jinsi kodi inavyokusanywa, vikosi na makadirio, hata Waziri Mkuu akalazimika kuja kuwasikiliza Mnazi Mmoja.

Mambo mengine hayahitaji hata senti. Mwaka 2019 kazi ya kukagua usalama wa chakula ilihamishiwa TBS, na msindikaji wa unga au wa pilipili ya chupa akaondokewa na mlango mmoja wa kubisha hodi. Hakupewa mkopo wala cheti, naye alipata nafuu siku ileile.

Kwa hiyo nawaomba ndugu wa matawi yote tufikishe hoja hii katika mkutano mkuu. Chama kiiombe Serikali ya kuwa kila ankara ya mfanyabiashara mdogo igongwe muhuri wa tarehe siku ipokelewapo, na orodha ya zilizopita siku 30 ibandikwe mlangoni pa ofisi husika, yenye jina la meza ilipokwama. Najua wako watakaonikasirikia, wakisema ya kuwa natoa siri za nyumba. Nao nawaomba waje mkutanoni walete sababu zao, na kabla ya kuja wafungue saraka ya kushoto watazame ni ankara ya nani iliyomo.