Huruma isimwumize mdhamini

Mhariri,

Katika vikoba vya makanisani, mkopaji akiacha kupeleka marejesho, haraka utasikia: "Tumsamehe, sisi ni Wakristo." Lakini fedha ile ni hisa za wanachama, na asipolipa yeye hubanwa mdhamini. Nimemwona mama mjane akiuza cherehani yake kulipa deni la mtu ambaye wakati huohuo alikuwa anapaua nyumba. Huruma gani hiyo? Hata katika Biblia, toba na huruma hazikufuta deni: Zakayo alipotubu aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Paulo, akimwombea mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni, alijitolea kulipa mwenyewe deni la Onesimo. Aliyeuguliwa au kufiwa aongezewe muda, hata riba afutiwe. Mwenye uwezo aitwe na wazee wa kanisa, apangiwe marejesho, na mdhamini arudishiwe chake kwanza.

Msomaji wako,
Dodoma