Mkasi Safari Hii Ni Wangu

Wasee, tuongee ukweli. Miaka minne ya sekondari nilinyolewa kwa amri ya shule. Nilipomaliza niliapa mkasi hautanigusa tena. Sasa afro ikivutwa inafika mabegani, lakini ncha zimepasuka, zinajifunga mafundo, na hii baridi ya Werugha ni kofia na sweta za kuzisugua kila siku.

Anayekwambia ukate kila mwezi ndio ziote haraka anakudanganya. Nywele humea kutoka kwenye mizizi, kama sentimita 1 kwa mwezi, ukate usikate. Lakini ncha iliyopasuka huzidi kupasuka kwenda juu, mpaka ule urefu uliongojea unakatika wenyewe.

Kwa hivyo jana nimepunguza ncha tu. Niliogopa, sidanganyi. Lakini safari hii mkasi nilishika mimi.