Kifaransa ku masomo, Kiswahili mu nyumba

Kuko desturi moja inayoingia mu nyumba za wafanyakazi wa migodi, toka Kipushi mpaka Kolwezi. Mutoto akifikisha miaka mitatu na kuandikishwa ku maternele, baba na mama wanaamua: kuanzia leo, hapa mu nyumba hakuna tena Kiswahili. Paka Kifaransa. Baba anatoka ku kazi ya usiku, mama anatoka ku soko, na wote wawili wanaanza kutafuta maneno. « Viens. » « Mange. » « Assieds-toi. » « Tais-toi. » Kisha hapo Kifaransa kinaisha, na mazungumuzo na mutoto inaisha nacho.

Tunaelewa sababu. Mu inchi yetu Kifaransa njo lugha ya karatasi: mukataba wa kazi, karatasi ya mushahara, barua ya kufukuzwa, mitihani ya serikali. Mutu aliyetia sahihi chini ya barua asiyoweza kusoma anajua uchungu wake, na hataki mutoto wake apite pale. Sisi wa sendika hatutamwambia mutu kama Kifaransa ni kitu ya bure. Lakini njia ambayo wazazi wengi wanakamata haimufikishe mutoto kule. Inamunyanganya Kiswahili, na Kifaransa nacho hakiji haraka sawa walivyofikiri.

Mutoto wa miaka mitatu ao mine hajifunze majina ya vitu tu. Anajifunza kuuliza « juu ya nini? », kueleza jambo lililotokea jana, kuhesabu, kutenga kikubwa na kidogo, kubishana, kuomba musamaha. Haya yote inaingia mu kichwa kupitia lugha ambayo watu wakubwa wa nyumba wanaisema vizuri. Mutoto anayejua mu Kiswahili kama mawe matano yanapita mawe matatu, mwalimu hatamufundisha tena hesabu. Atamupa tu majina mapya, cinq na trois. Lakini ule ambaye hajaelewa jambo mu lugha hata moja, mwalimu anapashwa kumufundisha mambo mawili kwa mara moja, na mu kalasi iliyojaa hataweza. Haiko neno la jana: tangu 1953 UNESCO ilishauri mutoto aanzishwe masomo mu lugha ya mama yake.

Tuangalie ku kazi yetu wenyewe. Kila mara delege wetu wanaomba wakubwa wa kazi mafasirio ya usalama yatolewe mu Kiswahili, mbele watu washuke ao wapande ku mashine, juu mutu hawezi kujikinga na hatari ambayo hakuelewa namna walimufasiria. Mutu wa miaka makumi ine, mwenye kofia ya chuma na ukomavu, tunamuombea lugha yake. Na mutoto wa miaka mitatu tunamutupa mu lugha ya kigeni asubuhi mpaka magaribi, tunasema atazoea?

Tena, wazee wetu walifika mu kambi za Union Minière kutoka Kasai, Rwanda, Zambia ya leo na vijiji vya Waluba na Wabemba, kila mutu na lugha yake. Kiswahili njo kiliwaunganisha ku kazi na ku kambi. Hatukipewa na wakubwa kwa kutufurahisha. Wao walitaka kazi iende. Lakini kilikuwa chetu, na watoto wetu walizaliwa ndani yake.

Sheria nayo haitukataze. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha ya serikali, na palepale inataja lugha ine za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya masomo ya 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa ao za mahali zitumiwe kwa kufundishia. Mwalimu wa maternele anayemufasiria mutoto mu Kiswahili mahali pa kunawa mikono ao pa kukojoa havunji sheria yoyote. Anayemupiga mutoto juu alisema Kiswahili, ao anayemuvalisha alama ya haya mu shingo, njo ule inaomba wazazi wakamuulize, wakienda watu kumi, si mumoja mumoja.

Sasa mu nyumba. Tunajua hali: vyumba viwili, baba wa zamu ya usiku analala muchana, na watoto wanaambiwa nyamaza tangu asubuhi. Kimya kile kinakula lugha. Kwa hiyo baba akiamuka, mbele ya kurudia ku kazi, akae na mutoto wakati kidogo na simu ikiwa mbali. Amuulize ku masomo waliimba nini. Mutoto aimbe mu Kifaransa, kisha afasirie mu Kiswahili wimbo unasema nini. Akikosa kufasiria, baba amejua kama mutoto anaimba tu sawa kasuku. Mama akiwasha mbabula, mutoto ahesabu makala. Ku soko, aseme nyanya gani imeiva na juu ya nini. Nkambo mwenye kusema Kiluba ao Kibemba aendelee kusema lugha yake. Hadisi zake ni masomo, tena za bure. Yaya anayesoma sekondari na anayesema Kifaransa vizuri, yeye akiseme na mudogo wake. Televizyo inasema Kifaransa saa yote, lakini haijibu mutoto akiuliza.

Wamama wengi wanaogopa mambo mawili. Ya kwanza, mutoto anachanga: « Maman, nipe de l'eau. » Haiko ugonjwa. Sisi wakubwa tunachanga kila siku mbele ya mulango wa kiwanda, na hakuna anayetupeleka kwa munganga. Mama ajibu tu vizuri: « Unataka maji? Chukua maji. » Ya pili, mutoto ananyamaza ku maternele, majuma, hata miezi. Watoto wengi wanaoingia mu lugha mupya wanafanya vile: wanasikiliza mbele ya kusema. Kama mu nyumba anaongea na kucheza, tungojee na tusimucheke. Lakini mutoto wa miaka mitatu asiyesema mu lugha hata moja, ao anayeitwa nyuma ya mugongo na hageuke, ule asingojee. Apelekwe ku hospitali, wapime masikio.

Inabaki neno la franga. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 yanahusu masomo ya musingi ya serikali, maternele haimo. Wakati wa Union Minière na kisha Gécamines, kampuni ilikuwa na masomo yake kwa watoto wa wafanyakazi. Kisha 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines mu ile waliyoita « départs volontaires » (kupenda kulikuwa wapi, kila mutu ajibu mwenyewe), na jamaa nyingi zikabaki zinatafuta masomo ya kulipa. Leo mufanyakazi wa kampuni ndogo ya kukodisha watu analipa maternele na mushahara usiofika mwisho wa mwezi, na anachagua ile iliyoandika ku mulango kama wanasema Kifaransa tu, juu anafikiri njo yenye nguvu.

Kwa hiyo ku mazungumuzo ya mapatano ya pamoja yanayokuja tutaweka maternele ku meza: musaada wa minervali kwa mutoto wa miaka mitatu mpaka mitano, na kwa wafanyakazi wote wa kiwanja, hata wale wa kampuni ndogo. Wakubwa watasema mutoto wa maternele haiko kazi yao. Walikuwa wanasema vile hata juu ya viatu vya kazi.

Kuandikisha kunaanza mbele ya Septemba. Muzazi akifika ku masomo, mbele ya kulipa, aulize direkta mambo matatu: watoto wangapi mu kalasi moja, mwalimu anajua Kiswahili, na mutoto akilia ao akiomba kitu mu Kiswahili, munamujibu namna gani? Mahali watakapomufukuza juu ya kuuliza, aandike jina la masomo na amuletee delege wa kiwanja chake.