Deni la Zamani na Chama cha Akiba

Benki ikimkataa mvuvi wa Kibara kwa deni la zamani, aende wapi? Wengi huangukia kwa wakopeshaji wa "kausha damu", wasiojali deni la jana mradi washike pikipiki yake. Huo ni unyonyaji, nasi hatutaupa jina jingine.

Ndugu wanachama, iko SACCOS. Humo mtu hununua hisa, huweka akiba kidogo kidogo msimu wa dagaa na wa pamba, ndipo akope, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yake, kwa udhamini wa wenziwe wanaomjua. Lakini ulizeni kwanza: kina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika? Hesabu husomwa mkutanoni? Mwombaji naye asifiche deni lake. Akishindwa kulipa, akiba za wadhamini ndizo zitakazokatwa.

Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, waliochoka kupunjwa kwenye mizani, waliunda shirikisho lao la ushirika mwaka 1955. Hawakungoja tajiri awaamini. Afisa ushirika wa wilaya yupo. Mwendeeni wiki hii, awaonyeshe chama kinachopokea wanachama wapya.